Rangi Nyekundu Juu ya Nati

Gari letu lina umri mkubwa kuliko watoto wetu wote, na nina hakika lilibembelezwa kuliko wao. Ni saluni ya milango minne, yenye rangi ya maziwa, bampa za chuma kinachong'aa, na gia iliyowekwa kwenye usukani. Kiti chake cha mbele ni kimoja kirefu kisichogawanyika, ambacho watu wawili hukikalia wakasogeleana bila kuzuiwa na kitu. Mume wangu alilinunua likiwa limekwisha kutupwa nyuma ya gereji, majani yakiota kati ya magurudumu, akalifufua kwa mikono yake.

Wakati huo alikuwa fundi mkuu wa kampuni ya mabasi, na huko ndiko alikopewa jina la Nimeshafunga. Jina hilo lilikuwa na sababu. Alipokaza nati aliikaza mara moja tu, kwa nguvu na kwa makini, kisha akaitia tone la rangi nyekundu. Kila fundi aliijua maana ya tone lile: hapa fundi mkuu amefunga, mkono wa mtu usiguse. Aliyethubutu kumuuliza kama ana hakika alijibiwa neno moja: "Nimeshafunga." Desturi hiyo aliianza baada ya mtu fulani kuilegeza nati ya gurudumu aliyokuwa ameikaza yeye, akasahau kuirudishia, na gurudumu likachomoka basi likiwa na abiria. Hakufa mtu, lakini mume wangu alirudi nyumbani siku ile akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, hakula.

Rangi yenyewe ilikuwa ya kucha, tena ilikuwa yangu. Aliiokota mezani kwangu tulipokuwa tungali maharusi, akaitia katika sanduku la spana, isirudi tena. Nilinunua nyingine, nayo ikafuata njia ile ile. Baada ya chupa kadhaa niliacha kupaka kucha, nikawa nanunua rangi kwa ajili ya sanduku la spana.

Kila Jumamosi tulikwenda kwa gari hilo kumtazama dada yangu, anayekaa ng'ambo ya mlima na ambaye miguu yake haimchukui tena. Mwaka huu, katika safari hizo, nilianza kusikia mlio chini ya boneti: tik, tik, tik, kama cherehani inayoshona mbali. Baada ya mlio ikaja harufu. Gari lilipopanda mlima, moshi uliingia kwa mbele, katika matundu ya hewa, nami nilifika kwa dada yangu kichwa kikinigonga na macho yakinichonyota.

"Baba watoto," nilimwambia, "gari linanuka moshi."

"Gari lina harufu ya gari, mama."

"Harufu ya gari naijua tangu ujana wangu. Huu ni moshi."

Safari nyingine nilimwambia tena. Safari iliyofuata nilifungua dirisha, vumbi likaingia, nikakohoa, naye akakasirika, maana alijua nasema kweli na hakuwa bado ameona pa kushika. Tulikuwa katikati ya mlima alipolitamka lile neno.

"Kama moshi unakukera, shuka utembee!"

"Simamisha," nikasema.

Alisimamisha. Nilishuka, nikaufunga mlango polepole kwa kuwa mlango haukuwa na kosa, nikaanza kupanda mlima kwa miguu, mkoba wangu begani. Gari likanifuata nyuma kwa mwendo wa konokono, tik, tik, tik, taa zake zikiwaka na kuzimika kana kwamba tunasindikiza maiti. Wapita njia walisimama kututazama.

"Mama, rudi garini basi."

"Umesema nitembee. Natembea."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Hawajakatazwa."

Nilitembea hadi kwa dada yangu. Jioni nilirudi kwa basi, na tangu siku ile Jumamosi zangu zikawa za basi. Mume wangu alibaki katika banda la gari, akipangusa vioo visivyo na vumbi. Sikuhitaji anieleze hali yake, kwa maana niliiona: kiti kile kirefu kilikuwa kimempwaya. Nami nisiseme uongo. Kiti cha basi pia kilinipwaya, hata pale nilipobanwa na mizigo ya watu.

Mjukuu wetu wa kike, anayeuza vipuri vya magari katika duka la mjini, alikuja kutusuluhisha. Huyu humwita babu yake "mume wangu" na mimi huniita "mke mwenza", kama ilivyo haki ya mjukuu.

"Mke mwenza, unataka nini hasa?" aliniuliza. "Niambie nikamwambie mume wetu."

"Nataka mambo mawili. Moshi uishe, na lile neno aliondoe yeye mwenyewe. Nisipoyapata yote mawili, siketi katika gari lile."

Alikwenda bandani akamwambia. Mume wangu alilishika la kwanza kwa mikono miwili. La pili alidhani litakuja lenyewe nyuma ya la kwanza, kama tela.

Upesi aligundua pa kushika. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akatia ncha moja sikioni, na ncha nyingine akaipitisha taratibu kwenye ubavu wa injini, pale mabomba ya moshi yanapoanzia. Zamani sehemu hiyo inayokusanya moshi, manifoldi, ilikuwa ya chuma cha kumimina, kizito kama jiwe la kusagia. Ilipopasuka aliiondoa, akaweka hii ya mabomba membamba yaliyochomelewa pamoja kwenye bamba moja. Kati ya bamba hilo na injini hukaa gasketi, ambayo kazi yake ni kuziba, moshi usipate njia isipokuwa ndani ya bomba. Gasketi ilikuwa imeungua. Masizi yalikuwa yamechora ulimi mweusi kando ya tundu la mwisho.

Gasketi ya kwanza aliichonga mwenyewe kwa bati la shaba nyekundu, kama walivyofanya kwenye mabasi. Aliichoma hadi ikaiva, akaipoza ipate ulaini, akaifunga, akatia rangi. Ilikuwa kazi safi ya kutundikwa ukutani. Gari lilipowashwa likasema tik, tik, tik.

Ya pili alipachika shaba mbili pamoja, kwa hesabu kwamba unene utaziba. Mlio ukahamia tundu jingine. Ya tatu aliagiza ile ya mabati membamba ya chuma yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa sababu muuzaji wa duka jingine alimwapia kwamba magari ya mashindano yanafungwa hiyo. Ikavuja kuliko zote.

"Magari ya mashindano!" Nilimsikia akiliambia gari. "Wewe ulishindana na nani?"

Jumapili moja mjukuu wetu alikuja na boksi la gasketi na rula ya chuma. Dirisha la jiko langu linatazama banda la gari. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nachambua mchele. Lakini mchele hauchambuliwi kwa masikio.

"Mume wangu, kabla ya kuchagua gasketi, tuliulize bamba," alisema. "Umeshalipima?"

"Bamba nililichomelea mimi."

"Ndiyo maana nauliza kwa heshima."

Mume wangu alisikika akicheka, kisha nikasikia chuma kikiwekwa juu ya meza. Walilaza rula juu ya bamba la manifoldi na kuitazama kwa kuielekeza penye mwanga. Niliacha mchele, nikaangalia. Kutoka pale dirishani sikuona nuru ikipenya, lakini niliuona mgongo wa mume wangu ukiinama, halafu ukainama zaidi.

"Limejipinda," alisema pole pole.

"Limejipinda huku mwisho. Moto wa miaka yote hiyo, babu, usipopinda chuma utapinda nini? Sasa tazama. Hii ya tabaka inataka bamba na injini vilale kama vioo viwili. Kwako haiwezi. Shaba ni nzuri, inadumu, lakini ni ngumu. Penye bonde haishuki. Ulipoweka mbili ulizidisha ugumu, hukuziba bonde."

"Basi tulipeleke kwenye mashine lisawazishwe."

"Tukilisawazisha litakonda, na limeshakonda. Sikia: bonde lenyewe ni dogo. Chukua hii." Alitoa gasketi nene, ya kijivu, yenye wavu wa chuma katikati. "Hii ina nyama. Ukiikaza inajaza bonde. Na matundu yake tumeyapima? Lete ile karatasi."

Walipima matundu. Hilo pia nililiona: mjukuu wetu alilipakaza bamba masizi kwa kidole, akaligandamiza juu ya karatasi, likaacha alama za matundu yake kama nyayo, kisha gasketi moja baada ya nyingine ikawekwa juu ya alama. Iliyokuwa na tundu dogo kuliko bomba ilikataliwa, kwa kuwa ukingo wake ungejitokeza katika njia ya moto na kuungua. Mume wangu aliishika ile iliyokubaliwa kwa vidole viwili, akaiminya, akainusa.

"Laini mno. Kama mkate."

"Hata bibi mwenyewe mlainishie tu, utaona atakavyorudi."

"Nyamaza, bi mdogo. Bibi yako anasikia."

"Nachambua mchele," nikasema dirishani.

Waliifunga pamoja. Mume wangu alianzia nati ya katikati, akatoka nje upande huu na upande ule, kila moja kidogo kidogo hadi zote zikakaza. Hapo hakuna wa kumfundisha. Mkono wake unajua. Alipomaliza alilifungua sanduku, akatoa chupa ndogo nyekundu, akatia matone yake. Akawasha. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, safi, iliyozibika.

"Mama!" aliita, uso wote meno. "Njoo usikie!"

Nilikwenda, nikasimama mbele ya boneti. Hapakuwa na tik. Niliinama nikanusa, hapakuwa na moshi. Nikatikisa kichwa kukubali, naye akaupangusa mkono wake kwa tambara na kunifungulia mlango wa mbele.

"Na lile jingine?" niliuliza.

"Lipi?"

Nilirudi kwenye mchele wangu.

Asubuhi iliyofuata aliliwasha gari likiwa baridi. Nilikuwa nimeshika birika. Tik, tik, tik. Si kwa sauti kubwa kama zamani, lakini ilikuwepo, nami niliona mkono wake ukibaki kwenye ufunguo muda mrefu kabla ya kulizima gari.

Mjukuu wetu alipita kabla ya kwenda dukani.

"Gasketi yako ya mkate imekwisha," babu yake alimwambia.

"Haijaisha. Uliikaza tena ilipopoa?"

"Nimeshafunga."

"Babu, najua umefunga. Ile gasketi ina nyama. Ikipata moto mara ya kwanza inalala, inapungua, na nati inabaki imeshika hewa. Inatakiwa upashe injini moto, uiache ipoe kabisa, ndipo uzirudie zote."

"Nimefunga mabasi ya kampuni nzima, hakuna hata moja nililorudia."

"Ni kweli. Mabasi yalikuwa na manifoldi za kumimina na shaba. Yale ukifunga umefunga. Haya ni mabomba membamba. Yanapanuka, yanasinyaa, kila siku. Hujakosea, mume wangu. Hujamaliza tu."

"Pana rangi pale," alisema.

Mjukuu wetu aligeuka. Alinitazama dirishani, nami nikamwashiria aende kazini kwake. Alimshika babu yake bega, akaondoka.

Mume wangu alifungua boneti akasimama. Alichukua spana, akaipeleka juu ya nati, akairudisha. Aliipeleka tena, akairudisha. Mgeni angecheka kumwona mzee mzima akishindwa na tone la rangi lisilozidi punje ya mtama. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka yule kijana aliyekaa kitandani na viatu miguuni. Ile rangi ndiyo iliyompa usingizi maisha yake yote: akishaitia, jambo lile limekwisha, limefungwa, hakuna wa kuligusa, hata yeye mwenyewe. Kama hata yeye angeweza kurudi akaikuta nati imelegea, basi kila nati aliyopata kuifunga ingeamka na kumwita.

Niliuona mwili wake ukiegemea gari. Nilitamani kutoka, lakini nikajizuia. Kuna milango ambayo mtu lazima aifungue mwenyewe, na huu ulikuwa wake.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia jikoni aliposimama mlangoni. Alikuwa amenawa mikono, jambo ambalo hulifanya kazi ikiwa imekwisha, na kazi haikuwa imekwisha.

"Mama."

"Naam."

"Ile dawa." Alitazama sakafu. "Ile ya kutolea rangi ya kucha. Bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Miaka yote hiyo alizichukua chupa za rangi moja baada ya nyingine. Dawa ya kuitoa hakupata kuihitaji hata siku moja. Ilikuwa chini kabisa ya droo yangu, kifuniko kimegandamana. Nilikifungua kwa kitambaa, nikachukua na pamba, tukaenda bandani pamoja.

Niligusa injini kwanza kwa kiganja. Ilikuwa baridi, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa dawa ile hushika moto upesi. Alilowesha pamba, akaanza na nati ya katikati. Rangi ilibanduka polepole, ikaacha chuma kitupu. Ile ya nyuma kabisa, kati ya bomba na bomba, kidole chake hakikupita.

"Lete," nikasema. Kidole changu kilipita. Pamba ikatoka nyekundu kama yenye damu.

Alitia spana kwenye nati ya kwanza na kuivuta. Nilitazamia akaze meno. Lakini nati ilizunguka bila shida, karibu robo ya mzunguko, ndipo ikashika.

"Kumbe ilikuwa imelegea," alisema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeingia chumba alichodhani kina mtu ndani, akakikuta kitupu.

"Ni moto," nikasema. "Si wewe."

Alikaza ya pili. Alikaza ya tatu. Kwenye ya nne alisimama, spana ikiwa mkononi, macho yake kwenye injini, si kwangu.

"Siku ile mlimani."

"Ndiyo."

"Lile neno, nililisema tu kwa hasira. Halafu nikalitia rangi." Aliigeuza spana mkononi. "Sikujua namna ya kulirudia. Niwie radhi, mama watoto. Hukustahili kutembea."

Yapo mengi niliyokuwa nimeyatayarisha kwa siku hiyo. Mwanamke hapandi basi Jumamosi nyingi namna ile bila kutunga hotuba. Nilipoitafuta hotuba yangu, sikuiona.

"Nimesikia, na yamekwisha," nikamwambia. "Sasa kaza hiyo ya nne. Inakusubiri."

Akakaza. Alipomaliza zote, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sanduku na kurudi na chupa nyekundu. Aliitazama, kisha akanikabidhi.

"Chukua. Hizi nitakuwa nazirudia."

Jumamosi nilipanda gari. Tulipofika pale katikati ya mlima tulisikiliza. Gari lilipanda kwa sauti yake nene, hewa iliyoingia kwenye matundu ilikuwa hewa tu, na mume wangu aliendesha polepole kupita kiasi, kana kwamba amebeba mayai. Dada yangu alitusikia tukiingia uani akaita kutoka ndani:

"Mmekuja na gari? Nilidhani mmeshalizika!"

"Tulikuwa matangani, shemeji," mume wangu akamjibu. "Amefufuka."

Tulirudi kabla jua halijatua. Kesho yake, injini ilipokuwa baridi, alizirudia nati zote kwa spana. Hakuna iliyozunguka. Aliniambia kwa furaha, akasimama kidogo, akasema kwamba hata hivyo juma lijalo atazitazama tena.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wetu aliomba tumchukue akamsalimie dada yangu. Aliukimbilia mlango wa mbele kama alivyozoea tangu utotoni, akaufungua, ndipo alipouona mkono wangu juu ya mkoba.

"Makubwa! Mke mwenza, kucha nyekundu? Umeamua kuninyang'anya mume hadharani?"

Mume wangu alijifanya anarekebisha kioo.

"Pita nyuma," nilimwambia. "Kiti cha mbele kina mwenyewe."